Viatu vya Saruji vya Amito

Goti la Amito lilikatika Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka 2013, mbele ya watu mia mbili na mbuzi wanne waliofungwa nyuma ya mlingoti wa pete. Mpira alikuwa nao tayari. Aliruka, akaudaka juu ya vichwa vya mabeki wawili, akatua kwa mguu wa kushoto. Netiboli ina sheria yake ya ajabu: ukitua na mpira huruhusiwi kutembea, unaganda papo hapo. Kiwiliwili cha Amito kilikuwa bado safarini. Mguu ukatii sheria, mwili ukakataa, na goti likabaki katikati likijaribu kuwapatanisha. Pakasikika mlio mkavu, na mwamuzi akageuka kutazama ni nani aliyekanyaga chupa ya plastiki.

Hapakuwa na chupa.

Amito alikuwa na miaka ishirini na minane, na maisha yake yote ameyaishi ndani ya ua wa kambi. Baba yake, mzee Ongom, alikuwa askari wa kaskazini aliyebadilisha jeshi kama watu wanavyobadilisha shati: lile la zamani liliposhindwa mwaka 1986, akajipangusa vumbi, akapanga foleni, akaandikishwa katika jipya. Binti naye hakuwa na hesabu nyingine kichwani. Alipomaliza shule akaenda kuandikishwa, ila yeye hakuandikwa kwa ajili ya bunduki. Aliandikwa kwa ajili ya kuruka.

Maana katika vikosi vya Kampala kuna askari wa bunduki na kuna askari wa mpira. Askari wa mpira anaapa kiapo kilekile, anavaa sare ileile, ana namba kama mwenzake, lakini kazi yake ni kuufunga mpira ili kikosi kiwakoge vikosi vingine. Halindi benki, halali getini, mvua ya saa tisa usiku anaisikilizia kitandani. Raha hiyo inadumu kadiri miguu inavyodumu. Siku ikigoma, mtu anakumbushwa kwamba kumbe aliapa, na anapelekwa mahali ambapo hata simu inaona tabu kufika. Wasichana wa timu walikuwa na jina la jambo hilo: kurudishiwa bunduki. Walilitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanavyoutaja ugonjwa wa jirani.

Afande Abwola, aliyekuwa mkubwa wa michezo, alimwita ofisini alipotoka hospitali kupasuliwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa ameyaandika kabla.

"Amito, pole."

"Ndiyo, afande."

"Mwaka mmoja. Mwezi wa sita mwakani daktari wa timu atakupima. Ukipita, kizibao chako hiki hapa kwenye kabati. Ukianguka, wewe ni askari kama askari wengine."

"Na kwa sasa nani anavaa, afande?"

"Acayo."

Acayo alikuwa na miaka ishirini, mrefu kiasi kwamba milango ya kambi ilimjua kwa paji la uso. Alikuwa msichana mpole, anayesalimia kwa kupiga goti, na upole huo ndio uliomkera Amito kuliko kitu chochote. Mtu anayekunyang'anya nafasi anapaswa angalau awe na kiburi, umchukie kwa raha.

Hospitalini walimpa karatasi. Ilikuwa na picha ya mzungu aliyekaa kwenye kiti cha mashine, ananyoosha goti huku anatabasamu, na chini yake maelezo: uzito uongezwe polepole, miguu yote miwili ifanye kazi, mwisho nguvu zilingane. Kambini palikuwa na benchi moja la kunyanyulia vyuma, na benchi hilo lilikuwa mali ya mabondia kwa haki ya ngumi. Ndipo mtu mmoja akamwambia: nenda mtaa wa Kansanga, muulize Mkenya anayechomelea mageti.

Mkenya huyo alikuwa Masinde. Alitoka Bungoma mwaka 2001 kuja kuchezea timu ya daraja la tatu, akavunjika goti mwaka 2002, na tangu hapo kazi yake kubwa ilikuwa kueleza watu jinsi ambavyo angecheza. Kazi yake ndogo ilikuwa madirisha ya vyuma. Nyuma ya karakana aliweka jimu: ekseli ya lori, mabomba ya maji, mikebe iliyojazwa saruji, na kioo kimoja chenye ufa kilichomgawa kila anayejitazama vipande viwili. Wateja wake walikuwa mabaunsa wa baa za Kabalagala, watu wenye vifua kama friji na miguu kama ya korongo. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwomba amtengenezee mguu.

"Umeumia wapi, dada?"

"Goti. Wamepasua, wameshona."

"Gani?"

"Ya kushoto."

"Hata mimi kushoto!" Masinde alisema, akafurahi kama aliyekutana na mtu wa kijijini kwao ugenini. Akaichukua ile karatasi, akaigeuza huku na huku. "Sasa hii kiti inapatikana wapi?"

"Kwa huyo mzungu."

Masinde akacheka mpaka akakaa chini. Alipoinuka, alikuwa amekwisha kuamua kwamba Amito atacheza tena. Hakuwa na sababu yoyote ya kuamua hivyo, ila watu wa aina yake hawasubiri sababu.

Alichobuni kilikuwa hiki. Alinunua lugabire, zile ndapa zinazokatwa kwenye tairi kuukuu, jozi moja ya saizi ya Amito. Akatafuta mikebe miwili ya rangi, ya lita nne nne. Siku ya Jumatatu akaujaza mkebe wa kwanza saruji, mchanga na kokoto, akaipigilia lugabire ya kulia juu kwa misumari ya mabati, akaacha ikauke. Siku ya Jumatano akaugeukia wa kushoto. Saruji ilikuwa imebaki konzi tatu. Basi akachanganya hizo konzi na maranda ya mbao kutoka kwa seremala jirani, na majivu ya mkaa, na ukaidi. Ikashika. Akachukua rangi nyekundu akaandika "10", yaani kilo kumi, ubavuni mwa kila mkebe, akavitazama viatu vyake kama mtu anavyotazama mapacha.

Wala hapakuwa na hila. Katika mji ule maharage yananunuliwa kwa mkebe, viazi kwa debe, nyanya kwa fungu, mkaa kwa gunia. Ukimuuliza mama wa sokoni mkebe wake una uzito gani, atakuuliza kama umekuja kununua au kumchunguza. Mkebe ukijaa umejaa. Masinde alikulia katika hesabu hiyo, Amito pia, na mikebe yote miwili ilikuwa imejaa mpaka juu.

Wakaanza mwezi wa kumi. Amito alikaa kwenye meza ndefu, miguu ikining'inia, Masinde akamvisha kiatu cha saruji, akakaza mkanda, akasema nyoosha. Mguu wa kulia ulinyooka. Wa kushoto ulitetemeka kama wa mtu anayeungama, ukafika katikati, ukarudi. Amito akalia. Si kwa maumivu tu. Alilia kwa sababu ulikuwa mguu wake na haukumsikia.

"Tena," Masinde akasema.

"Kocha, imekataa."

"Imekataa leo. Tutaiuliza kesho."

Wakaiuliza kila siku. Mwezi wa kumi na mbili kushoto kukanyooka mara nne. Mwezi wa pili, mara tisa. Siku ya kwanza ya mwezi wa nne, kushoto kumi na mbili, kulia kumi na mbili. Masinde akaziandika ukutani kwa chaki, kubwa, akawaita mabaunsa waje wazione. Walikuja, wakasoma, wakapiga makofi, mmoja akaomba na yeye atengenezewe miguu. Siku ile Amito alirudi kambini anatembea katikati ya njia.

Jambo moja dogo lilimsumbua. Suruali ya sare ilianza kumbana paja la kulia, na upande wa kushoto ilikuwa inapepea.

"Kocha, tazama. Hii imenenepa. Hii hapana."

Masinde akayabonyeza mapaja yote mawili kwa kidole, kama mtu anayechagua parachichi. "Ya kulia ni mafuta," akasema. "Ya kushoto ni msuli mtupu. Msuli haujazi suruali, dada. Mtazame mkimbiaji wa mbio ndefu."

Amito akaridhika. Mtu akitaka kuridhika hahitaji maelezo marefu.

Ilibaki wiki mbili kufika mtihani. Masinde alikuwa ameteguka mgongo kwa kunyanyua geti la mtu, anatembea ameshika kiuno kama mjamzito. Kwa miezi minane alikuwa yeye ndiye anayevileta viatu mezani na kuviondoa, kimoja kimoja, kwa mikono miwili, kwa sababu alisema mchezaji habebi vyombo. Asubuhi ile hakuweza kuinama.

"Lete mwenyewe tu leo," akamwambia.

Amito akaenda pembeni, akashika mkebe mmoja kwa kila mkono, akainuka. Akapindika upande wa kulia. Akasimama. Akapiga hatua tatu, akapindika tena.

"Mbona unatembea kama kaa?" Masinde akauliza.

Amito aliviweka chini, akabadilisha mikono, akainuka tena. Akapindika upande wa kushoto.

"Kocha."

"Nini?"

"Kuja ushike."

"Mgongo, dada..."

"Kuja. Ushike."

Akaja, akainama kwa mlio wa mzee, akashika. Uso wake haukubadilika, ila alibaki ameinama muda mrefu kuliko mgongo wake ulivyotaka.

"Ni mkono," akasema mwisho. "Mtu ana mkono mmoja wenye nguvu kuliko mwingine. Hiyo ni kawaida."

Amito akachukua gunia, akavitia viatu vyote viwili ndani, akalibeba mgongoni. "Dada yako ana mizani," akasema. "Twende."

Nelima, dada mkubwa wa Masinde, alikuwa na duka la jumla la maharage na njugu huko Kikuubo, mahali ambapo njia ni nyembamba na kila mtu amebeba kitu kinachotaka kukugonga kichwa. Walipita kati ya wapagazi waliokuwa wanapiga kelele za "Nnyabo, mama, pisha! Pisha, utakanyagwa!", Amito na gunia lake, Masinde nyuma ameshika kiuno. Nelima alipowaona hakuuliza habari za nyumbani.

"Mmeleta nini? Kama ni geti, silitaki."

"Mizani, dada. Dakika moja tu."

Kiatu cha kulia kikawekwa kwenye sahani. Mshale ukaenda, ukatulia: kilo tisa na robo. Kikaondolewa. Cha kushoto kikawekwa. Mshale ukaenda kidogo, ukaona inatosha: kilo sita kasorobo.

Masinde akautazama mshale kama mtu aliyetukanwa na mtoto.

"Mizani ya Kikuubo hii!" akapayuka. "Nani asiyejua mizani ya Kikuubo? Hapa ukipima mtoto anatoka hana kichwa!"

Nelima akaweka mikono kiunoni. "Masinde. Unaniita mwizi mbele ya wateja wangu?"

"Siyo wewe, dada. Mizani."

"Mizani imejileta hapa yenyewe?"

"Kama inaiba," Amito akasema polepole, "inaiba zote mbili sawasawa."

Mpagazi mmoja aliyekuwa anangoja gunia lake alikisoma kiatu cha kushoto kwa sauti, "Kumi," akautazama mshale, akaangua kicheko. Nelima akamfukuza. Kisha akachota njugu kwa konzi yake, akampa Amito, na Amito akasimama pale anazitafuna moja moja kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Miezi minane mguu wa mgonjwa ulikuwa unanyanyua maranda na majivu, na mguu mzima unanyanyua kokoto. Zile kumi na mbili za ukutani zilikuwa kumi na mbili za mbao na kumi na mbili za mawe. Alikuwa ametoa jasho lile lile kila upande, na jasho la upande mmoja lilikuwa limekwenda bure.

"Nisamehe," Masinde akasema wakiwa njiani kurudi. Alisema mara moja tu, na Amito akaona afadhali angeendelea kuitukana mizani.

Kesho yake Amito alikwenda kwa Afande Abwola kuomba miezi mitatu zaidi.

"Mwaka mzima ulikuwa unafanya nini?" afande akauliza, bila ukali.

Amito angesema nini? Afande, nilikuwa nimevaa ndoo?

"Mazoezi, afande."

"Basi utapita. Orodha ya mashindano inapelekwa siku ile ile ya mtihani. Nafasi ni kumi na mbili, sina ya kumi na tatu."

Ni Masinde aliyeleta mpango, siku mbili baadaye, na macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. Mtihani waliujua wote: unaruka kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo, wanapima umbali kwa utepe. Kwanza mguu mzima, halafu mguu ulioumia. Kila mguu unapewa nafasi tatu na unachukuliwa umbali mrefu kuliko wote. Kushoto lazima kufikie tisini katika mia ya kulia.

"Sikiliza vizuri," Masinde akasema. "Huo mtihani hauulizi una nguvu kiasi gani. Unauliza kama miguu inalingana. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Kushoto kwako kunatoa mita nne na arobaini. Hatuwezi kukuongeza kwa wiki mbili. Lakini kulia tunaweza kukupunguza leo leo."

Amito akalishika paja la kulia.

"Hakuna anayejua ule mguu mzima unaruka mpaka wapi," Masinde akaendelea, anachora mstari wa chaki kwenye sakafu. "Nne na themanini. Usivuke hapo. Ukitua hapa kwa kulia, na kwa kushoto ukatua kwenye nne na arobaini, daktari atagawanya, atapata tisini na moja na ushei, ataweka sahihi."

"Na nikirudi uwanjani?"

Masinde akaendelea kuchora mstari ambao ulikuwa umekwisha kuchorwa. "Ukirudi tutafanya kushoto peke yake. Kokoto tupu. Utacheza dakika chache chache, utajitunza."

Wote wawili walijua netiboli haina kutua kidogo. Lakini swali lililokuwa mezani lilikuwa moja, bunduki au kizibao, na goti lingejibu maswali yake baadaye.

Basi kwa siku kumi Amito alijifunza ujinga. Hakuna mazoezi magumu kama hayo. Mguu uliofundishwa miaka kumi kuruka juu unaambiwa uruke kama wa mama anayevuka mtaro na kikapu. Mara ya kwanza akauvuka mstari kwa nusu mita. Mara ya kumi kwa kiganja. Mabaunsa walisimama kando wakimshangilia kila alipofanya vibaya, "Vizuri sana! Mbovu hiyo!", na mmoja akasema hajawahi kuona mtu anafanya jimu ili alegee. Siku ya tisa alitua kabla ya chaki mara sita mfululizo. Masinde hakuandika ukutani.

Mtihani ulifanyika Jumatatu, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa kambi. Daktari wa timu aliitwa Tarcisio, mtu mfupi mwenye utepe wa fundi cherehani mfukoni na mwingine mrefu mkononi. Afande Abwola alikaa kwenye kiti. Wasichana wa timu walikuwa wametoka mazoezini, wakajipanga ukutani na chupa zao za maji, kwa sababu wanampenda na kwa sababu watu hupenda kutazama. Masinde hakuruhusiwa kuingia. Alibaki getini, anawaeleza walinzi jinsi ambavyo angecheza.

"Mguu mzima kwanza," daktari akasema.

Amito akasimama kwa mguu wa kulia. Akaruka, akaruka, akaruka. Mita nne na sabini na sita. Hakutazama mtu. Mguu ulikuwa umetii.

"Tena."

Nne na sabini na tisa. Daktari akaandika. Kule ukutani makofi yaliyokuwa yameanza yakapungua, yakawa ya heshima, yale wanayopigiwa wazee wakimaliza hotuba. Wasichana wale walikuwa wanamjua. Kabla ya goti kukatika walimwita Lifti, kwa sababu alipanda bila kuonekana anapanda. Sasa wakatazamana.

Amito akarudi mwanzo kwa ajili ya nafasi ya tatu. Alipita mbele ya Acayo. Acayo hakumwambia yeye. Aliinamisha ule mwili wake mrefu kwa mwenzake, akanong'ona, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya kweli:

"Bambi, maskini. Hata ule mzima umekwisha."

Kama angecheka, Amito angepita. Kama angemtukana, Amito angetabasamu, arudi kwenye mstari, atue kwenye mita nne na themanini, achukue kizibao chake. Alikuwa amejiandaa kwa kejeli za kila aina. Hakuwa amejiandaa kuhurumiwa kwa kitu alichokuwa nacho.

Akasimama kwa mguu wa kulia. Akakunja goti. Na mguu ule uliobeba kokoto kwa miezi minane ukakumbuka kila kokoto.

Mruko wa kwanza ulimpitisha mbali na pale wa kwanza ulipoishia hapo awali. Wa pili haukuwa na sauti. Katika wa tatu alikaa hewani muda ambao mtu anaweza kuutumia kufikiri, na alichofikiri ni hiki: naam, ndiyo mimi. Alipotua, utepe ulikuwa umekwisha, daktari ikabidi auvute upya.

Ukumbi ukalipuka. Wasichana walipiga chupa ukutani, mmoja akapiga kigelegele, Acayo akaruka juu akagonga kichwa kwenye taa. Afande Abwola alisimama kutoka kwenye kiti, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

"Mita tano na themanini," daktari akasoma, akasoma tena. "Sijawahi kuandika namba hii."

Amito alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi, mgongo kwao. Kelele zote zile zilimfikia kama kelele za nyumba ya jirani. Alikuwa anagawanya kichwani.

"Kushoto sasa."

Kushoto kukatoa kilichokuwa nacho, kwa uaminifu wote, mara tatu. Umbali mrefu kuliko wote: nne na arobaini na moja. Daktari akaandika, akachukua simu yake, akabonyeza namba. Makofi yalikuwa bado yanaendelea alipomwita pembeni.

"Sabini na sita," akasema.

"Daktari, ile ya tatu ifute. Chukua hizi mbili za kwanza."

Tarcisio akamtazama, akaitazama karatasi, zile nne na sabini na ngapi, kisha ile tano na themanini, akaelewa kila kitu. Hakukasirika.

"Nikiifuta unapita," akasema. "Ukipita, hiyo goti inakwenda mechi ya kwanza, na mara hii hakuna wa kuishona. Nimewahi kuona. Usiniombe."

"Naomba, daktari."

"Najua."

Akaifunga karatasi. Afande Abwola akaja anatabasamu, ameshika kizibao tayari, akaambiwa namba, akabaki amekishika. Alisema neno moja tu, kwa lugha ya kwao, halafu akamwita Acayo.

Masinde alipoelezwa pale getini, hakuuliza kushoto kumetoa ngapi. Aliuliza, "Tano na themanini?" Akarudia tena, "Tano na themanini?" Akageuka akaushika uzio, na walinzi wakaacha kucheka.

Siku saba baadaye Amito alikuwa juu ya kilima kimoja huko Karamoja, analinda mnara wa mawasiliano ambao hakuna mtu aliyewahi kutaka kuuiba. Zamu ilikuwa ya saa kumi na mbili mfululizo, kusimama. Alisimama kwa mguu wa kulia, kwa sababu ndio uliokuwa na uwezo, na wa kushoto aliuegemeza tu ardhini kama mwavuli. Mwenzake wa zamu alikuwa mzee asiyeuliza. Jua liliingia kwenye kofia asubuhi, likatoka jioni.

Kwa kuwa mnara ulikuwa palepale, simu ilisikika vizuri kuliko Kampala. Kila siku saa kumi na moja jioni, zamu ikiisha, Masinde alipiga. Alikuwa amebuni mazoezi ya simu: Amito anasimama kwa mguu wa kushoto, anachuchumaa na kuinuka, Masinde anahesabu kutoka Kansanga. Alisema kwa miezi sita watakuwa wamefika tisini. Alisema mwakani watamwandikia afande barua. Nyuma ya sauti yake mashine ya kuchomelea ilikuwa inaunguruma, na mabaunsa walipaza salamu.

Wiki ya kwanza Amito alifanya kweli. Wiki ya pili alifanya nusu. Wiki ya tatu mguu ulikuwa umevimba kwa kusimama, na jioni ile alikuwa amekaa kwenye jiwe, kiatu amevua, simu iko sikioni.

"Uko tayari?" Masinde akauliza.

"Tayari, kocha."

"Shuka polepole. Mgongo wima. Moja."

"Moja," Amito akasema.

"Goti lisiingie ndani. Mbili."

"Mbili."

"Inauma?"

"Kidogo."

"Hiyo ndiyo dawa! Tatu. Unasikia nguvu inarudi?"

Amito akatazama bonde chini, halina hata nyumba. "Nasikia," akasema.

Wakahesabu mpaka kumi na mbili, na Masinde akacheka kwa furaha upande wa pili, akasema kesho wataongeza.

"Kesho, kocha," Amito akasema. Hakuwa ameinuka.